Kila Tuta Nilishuka

Asubuhi ile nilivaa viatu vya chini. Mama aliviona, akaacha kushona.

"Leo huendi kazini?"

"Naenda, Mama. Ila napitia gereji kwanza."

"Kwa Mke Mwenza."

Jina hilo alilitoa yeye mwenyewe mwaka jana, siku mchumba wangu alipolileta lile gari mbele ya nyumba yetu kwa mara ya kwanza. Lilikuwa jekundu, limelala chini karibu na ardhi, na lilinguruma hadi vikombe vikagongana kabatini. Majirani walitoka wote. Mama alilizunguka mara moja, akachungulia ndani, akaona viti viwili tu. "Na watoto mtawaweka wapi?" aliuliza, kisha akarudi kwenye cherehani yake. Tangu siku hiyo akaliita Mke Mwenza, nami nikawa nacheka, maana wakati ule nilikuwa nacheka kila kitu.

"Ile fomu umeisaini?" aliuliza sasa.

"Nimeisaini."

"Umeandika kwamba wewe ndiye uliyekuwa unaendesha?"

"Mama, nitachelewa."

Alikata uzi kwa meno. "Baba yako hakuniachia nyumba, hakuniachia kiwanja. Aliniachia jina ambalo nikilitaja dukani napewa kitambaa kabla ya kulipa. Nimekulea kwa jina hilo. Haya, nenda, usichelewe."

Nilitoka na bahasha mkobani, na moyo mzito kama niliyebeba maji.

Niseme ukweli wote, hata ule unaoniaibisha. Mimi ni karani wa bima, mwaka wa tisa sasa, na wazo lilikuwa langu.

Mchumba wangu ni dalali wa nyumba. Wote tunamwita Dalali, hata mimi, hata tukiwa wawili peke yetu. Aliamini mteja wa nyumba kubwa hawezi kumsikiliza mtu aliyeshuka kwenye teksi. Basi akaliona gari lile linauzwa. Lilikuwa na umri wa miaka kumi na minne na lilishapita mikono mitatu, na bei yake ilikuwa imeshuka hadi kulingana na gari la kawaida jipya. Alinipigia simu akipiga kelele za furaha. Hakujua, na mimi sikujua, kwamba bei ya kununulia ndiyo iliyozeeka peke yake. Tairi, breki na mafuta ya injini vilibaki na bei zao za ujana.

Benki ilimkopesha kwa miaka mitano, kwa sharti moja: gari liwe na bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe likiumia. Hapo ndipo alipokuja ofisini kwangu na uso umemshuka. Alikuwa ameshagonga magari mawili katika miaka mitatu, na kwa mtu kama yeye malipo ya bima ya gari la mbio yalifika kodi ya nyumba mbili. Nilimtazama alivyokaa kwenye kiti cha wateja, mabega yamelegea, akijaribu kutabasamu ili nisimhurumie. Nilimhurumia. Kwenye fomu ya kuombea bima kuna swali linalouliza nani atakayekuwa dereva mkuu wa gari. Nikaandika jina langu. Nilikuwa na leseni ya miaka mingi na sikuwahi kugonga hata ndoo. Malipo yakashuka zaidi ya nusu.

Siku hiyo alininyanyua jikoni kwetu akanizungusha hadi kiatu kikaruka.

Mimi gari lile sikuwahi kuliendesha hata hatua moja. Kazi yangu ilikuwa matuta. Tumbo la gari lilikuwa chini kiasi kwamba tuta lolote lingelikwaruza, na kulitengeneza tumbo lile ni mshahara wangu wa miezi. Basi kila tuta nilishuka. Nikiwa nimevaa vizuri, natoka kwenda arusini, nashuka. Natangulia mbele, nainama kuangalia chini, nanyoosha mkono: njoo, njoo, kata kidogo, njoo. Likishapita, Dalali alikuwa anasimama upande wa pili, ananifungulia mlango kwa ndani, anasema, "Karibu, Karani wangu," na kunipangusa vumbi vidoleni. Tulifika mahali tukawa tunachagua mikahawa kwa kuhesabu matuta ya njiani. Nilifurahi. Nikikumbuka sasa nashangaa, lakini nilifurahi kweli.

Ijumaa iliyopita nilikuwa kitandani na homa. Saa tisa alasiri, mvua inanyesha, simu ikalia.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Nyumbani. Nimelala."

"Uko peke yako?"

"Peke yangu. Mama kaenda kununua vitambaa."

"Hakuna aliyekuja kukuona?"

"Hakuna."

"Afadhali," alisema, akakata.

Nililaza simu kifuani nikatabasamu peke yangu. Nilidhani anataka kuja. Jioni alikuja kweli, amefungwa bandeji juu ya jicho. Alikuwa amelipeleka gari kuonyesha mteja nyumba, mteja hakutokea, na wakati wa kurudi gari liliteleza likaenda kuupiga ukuta wa kalvati. Alipiga magoti kando ya kitanda changu.

"Sema ulikuwa wewe," aliniambia. "Jina lililoandikwa ni lako. Wakijua naliendesha mimi kila siku, hawalipi hata senti. Nitakuwa nimekwisha, Karani."

Nikaijaza fomu ya madai na kuisaini nikiwa na homa. Tena sitaki kuisingizia homa. Ningesaini hata mzima.

* * *

Gereji ilikuwa uwanja wenye ukuta, na mlangoni palikuwa na tuta la saruji. Dalali alishafika. Alisimama kando ya gari mikono mifukoni, na nilipomwona moyo wangu ulifanya kile ulichozoea kufanya, bila kuniuliza.

"Umelala?" aliniuliza taratibu.

"Kidogo. Jicho linauma?"

"Haliumi nikikuona." Alijaribu kucheka. "Sema machache. Akikuuliza, jibu fupi. Mambo yatakwisha leo."

Gari lilinitia huzuni. Pua yote ilikuwa imeingia ndani, na maji ya rejeta yalikuwa yameacha doa kavu chini. Kwa nyuma lilikuwa zima kabisa, linang'aa, kama mtu aliyevaa koti zuri na uso umevimba.

Mkadiriaji aliyeletwa na kampuni kukagua hasara alikuwa Mwalimu. Ofisini tunamwita hivyo kwa sababu sote tulipita mikononi mwake. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma fomu, mwaka wangu wa kwanza, akinipigia kalamu mezani kila nilipokosea. Nilijua wangeweza kumtuma yeye. Nilikuwa nimeomba asiwe yeye.

"Binti yangu," alisema akinipa mkono. "Nimeona jina nikasema labda ni jina tu."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kwa hiyo ulikuwa unaendesha wewe."

"Mimi."

"Pole sana. Umeumia?"

"Hapana."

Alitazama bandeji ya Dalali. "Na mwenzetu?"

"Nilikuwa pembeni, Mzee," Dalali alijibu haraka. "Kiti cha abiria."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa, akainama kwenye tairi za nyuma. Alipitisha kidole gumba. Nami nikaangalia. Zilikuwa zimelika hadi laini, hazina mstari hata mmoja.

"Hizi na mvua," alisema Mwalimu, kama anayeongea na tairi. "Mlikuwa na mpango wa kubadilisha?"

Nilimwangalia Dalali. Miezi miwili iliyopita nilimpa fedha za tairi. Zilikuwa fedha za kitambaa cha gauni langu la arusi, lile ambalo Mama alikuwa alishone kwa mkono wake. Aliniambia tairi zimeagizwa nje, ziko njiani. Sasa alikuwa anaangalia ukuta.

"Zilikuwa njiani," nilisema.

"Haya." Mwalimu alijinyoosha, akanipa funguo. "Rejeta imepasuka, lakini injini yake iko nyuma. Niwashie sekunde tano tu nisikie kama ni nzima, kisha uzime."

Nilifungua mlango wa dereva. Kiti kilikuwa kimerudishwa nyuma kabisa, kwa miguu ya mtu mrefu. Nilipokaa miguu yangu haikufika popote. Nikajivuta mbele. Nikapeleka funguo kulia kwa usukani, kama kwenye gari dogo la ofisi, kama kwenye kila gari nililowahi kuendesha. Vidole vilipapasa plastiki tupu. Nikapapasa juu. Nikapapasa chini. Nilisikia Dalali akivuta pumzi.

"Kushoto," Mwalimu alisema polepole. "Magari haya tundu la funguo liko kushoto."

Nikahamisha mkono. Likawaka, likanguruma, nikalizima. Mwaka mzima nilikuwa dereva mkuu wa gari lile, na sikujua linawashiwa wapi.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Nasikia mlinzi ana chai," alisema. "Nakwenda kunywa. Fomu yenu sijaipokea bado, na daftari langu sijafungua. Nikirudi nitalifungua."

Alikwenda zake bila kuangalia nyuma. Dalali aliinama dirishani.

"Kulia!" alininong'oneza. "Mwaka mzima umepanda gari hili, hujui ufunguo unaingia wapi?"

"Nilikaa upande wa pili. Na muda mwingi nilikuwa nje, nimeinama."

"Sikulaumu. Bado tuna nafasi. Ana huruma na wewe, umeona? Mpe fomu, sema ulichanganyikiwa kwa sababu ya homa."

"Tairi ziko wapi?"

"Karani, sasa si wakati wake."

"Fedha za gauni langu ziko wapi?"

Alifunga macho. "Niliwapa benki. Walikuwa wananipigia simu mara nne kwa siku. Ningefanya nini? Mwezi ule ilikuwa benki, au bima, au tairi. Mwaka mzima nimezungusha hivyo. Nikimlisha mmoja, mwingine analala njaa. Kubadilisha plagi tu, wanashusha injini nzima! Nimeuza mpaka kochi."

"Uliniambia kochi limeliwa na mchwa."

"Ningekuambia nini kingine? Kwamba mteja wa kwanza niliyempakia humu alinunua nyumba, na wa pili akaomba apige picha na gari, basi?"

Nilitaka kucheka, na machozi yakatangulia. "Ungeliuza."

"Kwa nani? Wenye uwezo nalo hawataki kuukuu. Wanaolitaka ni watu kama mimi."

Aliingiza mkono dirishani, akashika wangu, bado una funguo. Mkono wake ulikuwa wa moto. Nilimpenda kwa huruma hadi nikaona aibu, na nadhani ningeitoa bahasha pale pale. Nilikuwa nimeshafungua zipu ya mkoba. Lakini niliiona fomu imechungulia, na pale juu nilipoandika kwa mkono wangu: ajali ilitokea saa nane na dakika hamsini.

Nikarudia kusoma.

"Ulinipigia simu saa tisa," nilisema.

"Lini?"

"Ijumaa. Uliniuliza niko wapi. Uliniuliza kama niko peke yangu."

Mkono wake ukalegea.

"Ulikuwa umeshagonga," nikasema. "Ulikuwa umekaa humu humu, damu inakutoka, unaniuliza kama kuna mtu aliyeniona. Ulitaka kujua kama naweza kuwa dereva. Ndiyo maana nilipokuambia hakuna aliyekuja, ukasema afadhali."

"Nilikuwa na hofu."

"Mimi nililaza simu kifuani, Dalali. Nilitabasamu na homa yangu."

"Nilikuwa na hofu!" Sauti ilimkatika. "Mambo haya unayajua wewe. Nilimpigia mtu ninayemtegemea duniani, kuna kosa gani?"

"Ulimpigia dereva mkuu."

Alifuta uso kwa kiganja, bandeji ikasogea, tone la damu likatoka. Kwa mazoea niliinua mkono kuifunika vizuri. Hakunizuia.

"Nakupenda," alisema. "Mungu wangu shahidi."

"Najua."

"Basi nipe hiyo fomu nimpelekee."

Na kweli nilijua ananipenda. Angekuwa tapeli ningeshuka garini na hasira zangu, nikarudi nyumbani nikala nikalala. Nilimwangalia mtu anayenipenda ambaye, damu ikimtoka, alifikiria kwanza jina langu lina kazi gani. Halafu nikajifikiria mimi, niliyempa jina hilo alitumie, kwa sababu nilitaka kumwona akitabasamu.

Nikitoa fomu, kampuni inalipa, deni la benki linafutika, arusi yetu ipo. Nisipotoa, ana miaka minne ya kulipia chuma kisichotembea, na mimi namwaga unga wangu, maana karani aliyedanganya kwenye bima hakai ofisini hata wiki. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani. Kampuni ningeweza kuidanganya. Nilichoshindwa ni kuolewa naye, halafu kila atakaponiuliza niko wapi, nibaki najiuliza anauliza kwa ajili gani.

Nilimrudishia funguo.

"Karani."

"Niachie mlango."

"Karani, utaniua."

Nilikwenda hadi kwenye kibanda cha mlinzi. Mwalimu alikuwa ameshika kikombe ambacho hakuwa amekinywa.

"Sikuwa mimi," nilimwambia. "Na kuhusu dereva mkuu, niliandika mwenyewe nikijua si kweli. Yeye hakuniomba."

Aliweka kikombe chini. "Unajua hii kwako inamaanisha nini?"

"Ulinifundisha wewe."

Alinisogezea kalamu yake. "Andika hivyo hivyo ulivyosema. Tarehe weka ya leo."

Niliandika mistari mitano kwenye meza ya mlinzi, kando ya sukari iliyomwagika. Fomu niliichana vipande viwili. Mwalimu aliviweka mfukoni, akasema nisiende ofisini leo, aende yeye kwanza. Alipoinuka kuondoka alinigusa begani.

* * *

Mwenye gereji alikuwa mtu wa maneno machache. "Bila bima siliweki. Nafasi yangu nailipia kodi. Ondoeni leo."

Dalali hakubishana. Alikodi pikapu, wakalifunga gari kamba, alipeleke uani kwa dada yake. Aliingia yeye kushika usukani. Mimi nilisimama kando ya ukuta, mkoba kifuani. Hatukuwa tumesemezana tangu nirudi kutoka kibandani. Alinitazama mara moja tu, na sikuona hasira. Ningependa ningeiona hasira.

Pikapu ilitangulia, ikapanda tuta la mlangoni, ikashuka. Kamba ikakaza. Gari lilifika mbele ya tuta, Dalali akakanyaga breki, pikapu ikalia. Dereva wa pikapu alitoa kichwa akafoka. Dalali hakusogea. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, anaangalia mbele, anangoja, kama alivyozoea kungoja.

Miguu yangu ilikwenda yenyewe. Nilipita mbele ya lile gari, nikapanda tuta, nikainama hadi nywele zikagusa vumbi. Pua iliyovunjika ilikuwa inaning'inia. Nilinyoosha mkono.

"Njoo," nikasema. "Njoo. Kata kidogo. Njoo... njoo."

Likaja polepole, kimya, bila mngurumo wake. Nafasi ya kidole kimoja tu ilibaki kati ya tumbo lake na saruji. Likapita.

Nilijiinua nikapangusa mikono kwenye sketi. Gari lilikuwa upande wa pili tayari, na kwa sekunde moja kamba ililegea na taa nyekundu za breki zikawaka. Nikalikimbilia hatua mbili. Nilifika hadi kwenye mlango wa abiria, nikasimama, vidole vyangu vina vumbi, nikingoja ufunguliwe kwa ndani.

Kamba ikakaza tena. Taa zikazimika.